Kubebesha Jino

Mke wangu Nelius ana jino moja ambalo limefanya kazi kuliko mimi. Sisemi hivyo kwa kujishusha. Wanaonijua hapa Manyatta watakuambia Naftaly si mtu wa kujishusha. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe ameniambia nikieleza habari hii niieleze yote, pamoja na pale nilipokosea. Nilikosea mara mbili. Yeye anasema nne, lakini tusianze ubishi mapema.

Kazi yake iko kwenye kiwanda cha kahawa, kule chini mtoni. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, hutandazwa juu ya meza ndefu za waya ikauke, na hapo ndipo watu huanza kukosa amani. Ukiitoa ikiwa na maji, itaoza stoo. Ukiichelewesha, itapasuka na kupungua uzito, na jasho la mwaka mzima litakuwa limekwenda bure. Kuna siku moja, pengine nusu siku, ambapo kahawa iko sawasawa, na siku hiyo haijaandikwa popote. Lazima mtu aijue. Kwa miaka ishirini na sita mtu huyo amekuwa Nelius.

Hupita kwenye meza asubuhi umande ukishaondoka. Huchukua punje moja katikati, akaitoa ganda kwa ukucha wa kidole gumba, akaiweka juu ya gego la chini, upande wa kushoto. Kisha hufumba macho na kuibana. Haitafuni, huibana tu, taratibu, halafu husema "bado", au "kesho saa nne", au "toeni". Akisema toeni, wanaume wazima hukimbilia magunia. Ukimuuliza amejuaje, atakujibu kwamba kahawa imemwambia. Hata siku moja hajasema anaiuma. Husema anaisikiliza.

Mimi ni fundi wa kubebesha. Mti wa kahawa ukizeeka au ukizoea ugonjwa, huna haja ya kuung'oa. Unaukata ukabaki kisiki, unakipasua kisiki kidogo kwa patasi, unachomeka kijiti cha aina mpya, unafunga kwa nailoni na kungoja. Baada ya miezi michache mizizi ya babu inamnyonyesha mjukuu. Nimebebesha kahawa, parachichi na makadamia kutoka hapa hadi Karurumo, na nikikiona kisiki najua kama kitashika au la. Sheria ni moja: kisiki kiwe hai. Ukikwangua gamba, chini yake pawe kijani. Hilo ndilo somo langu la kwanza na la mwisho, na ndilo lililotuponza.

Jino lilianza kumuuma Nelius mwezi wa tisa, msimu mkubwa ukikaribia. Lilikuwa gego lile lile la kushoto. Aliweka karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akaombewa na akina mama wa kanisa wakiwa wamemwekea mikono shavuni, jambo ambalo naona lilizidisha maumivu. Nilimshauri aling'oe. Nikamweleza kwamba tawi bovu hukatwa ili mti upone. Hakunisemesha siku mbili.

Siku ya tatu akapiga simu Ednah, binti yetu, ambaye ameajiriwa ofisini Embu mjini na anaishi huko huko, mtaa unaoitwa Dallas. Aliniambia mama asing'olewe jino, kuna njia nyingine, na akaitaja hiyo njia kwa Kiingereza. Sasa, simu huku kwetu husikika nusunusu, na mimi, kama watu wengi wa huku, r na l hubadilishana viti mdomoni na masikioni mwangu bila kuniomba ruhusa. Nilichosikia ni kwamba mama apelekwe kwa luteni kanali.

Nilishangaa kidogo, kisha nikaona ina maana. Jino la Nelius si jino la mtu yeyote tu. Linabeba kahawa ya wakulima mia saba. Kama mjini kuna daktari wa meno aliyestaafu jeshini na cheo chake, basi huyo ndiye wa kulitazama. Nilinyoa ndevu, nikatoa ile suti niliyovaa Ednah alipohitimu, nikang'arisha viatu. Pia niliwaambia majirani, kwa sababu sioni faida ya jambo zuri likikaa kimya. Kufikia jioni Manyatta nzima ilijua Nelius anaenda kuonwa na luteni kanali.

Kliniki ilikuwa safi sana, na ukutani palikuwa na picha ya taya. Akaingia msichana mmoja mwenye koti jeupe, mdogo kuliko Ednah, akatusalimia kwa heshima. Nilimwambia asijisumbue, sisi tutamngoja Kanali. Akauliza kanali yupi. Nikamwambia, Luteni Kanali, daktari wa meno, na nikasimama wima ili aone kwamba nyumbani kwetu tunaheshimu vyeo. Msichana alimtazama Nelius. Nelius, pamoja na maumivu yake yote, alikuwa amejifunika uso kwa leso na mabega yanamtikisika.

Msichana mwenyewe ndiye alikuwa daktari. Jina lake Makandi, mtu wa Meru. Alipopata tena sauti yake alinieleza kwamba kile Kiingereza, root canal, maana yake ni mfereji wa mizizi, na kwamba hakuna mwanajeshi yeyote atakayehusika. Hilo ni kosa langu la kwanza na nimelikiri. Watu wa kiwandani walipolisikia walianza kumwita mke wangu Kanali, na hadi leo wapo wanaompigia saluti akipita na ndoo.

Lakini mizizi na mifereji ni mambo ya shamba. Nilivuta kiti karibu, nikajiona niko nyumbani, na hapo ndipo hatari ilipoingia.

Daktari alimuuliza Nelius maswali yake. Moja lilikuwa kama anatafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, ndugu wa miraa. Nelius ni mama wa kanisa na huimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alijibu hapana kwa namna iliyofunga mjadala. Mimi wakati huo nilikuwa naichunguza sana ile picha ya taya. Daktari aliyatazama meno yangu mara moja tu na hakuuliza zaidi.

Tulikwenda mara mbili. Alimchoma sindano ya ganzi, akatoboa jino kwa juu, akatoa mshipa uliooza, akasafisha mifereji yote mitatu, akaijaza na kuiziba. Maumivu yalikwisha. Siku ya mwisho, Nelius akiwa bado na mdomo mzito, daktari alitukalisha chini akatuambia maneno ambayo nayakumbuka moja baada ya jingine.

"Mama, hii jino sasa imekufa, lakini haiendi mahali, itabaki imesimama. Shida ni kwamba imebaki ganda tu, na ni kavu. Ukiuma kitu ngumu hapo inapasuka. Rudi baada ya wiki mbili niichonge ibaki kisiki, halafu niiwekee juu mpya. Tunaita kofia."

Nikamuuliza kama hiyo si kubebesha. Daktari naye ametoka kwenye kahawa, kule Meru, na nadhani alifurahi kupata neno ambalo mzee mwenye suti angelielewa.

"Ndio, mzee," akasema. "Ni kama kubebesha."

Angesema neno jingine lolote, habari hii ingeishia hapo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri, na nikifikiri huwa nasikika. Nilimwambia Nelius kwamba daktari amekiri kwa kinywa chake kuwa jino limekufa. Sasa anataka kubebesha kitu juu ya kisiki kilichokufa. Kitashikaje? Tulipofika nyumbani nilimpeleka nyuma ya jiko, kwenye kisiki cha mkahawa uliokufa kitambo, nikakikwangua mbele yake, nikamuuliza kama anaona kijani. Akasema haoni. Nikamwambia basi. Nilimhurumia yule msichana. Amesoma sana, lakini hajawahi kushika kisu cha kubebeshea. Na kwa kuwa sioni faida ya elimu ikikaa kimya, majirani nao niliwaeleza. Baada ya wiki moja watu walikuwa wakielezana kule kiwandani kwa nini jino la Nelius haliwezi kushika.

Kilichopaswa kunishtua ni kwamba Nelius hakunibishia. Huyu ni mwanamke ambaye tangu tuoane amenibishia hata kuhusu mvua niliyokuwa nimesimama ndani yake. Wiki mbili zikapita, zikawa nne. Mtu akimuuliza kofia iko wapi, alijibu, "Baba Ednah amesema haitashika." Nami nikasimama pale, kifua mbele, kama mpumbavu. Sikujua kwamba alikuwa amejificha nyuma yangu. Yeye aliogopa jambo lingine kabisa, na kama ningeuliza swali moja badala ya kufundisha wiki nne, ningelijua.

Katikati ya hayo akaja Njeru, meneja mpya wa kiwanda. Ni kijana mpole, ana cheti chake, na alikuja na mashine ya kupima unyevu. Unamimina kahawa kwenye kikombe chake, unabonyeza, taa inawaka, namba inatokea. Kumi na moja ndiyo sawa. Njeru hakuwa na nia ya kumwondoa mtu, na aliiambia kamati hivyo. Lakini kamati ikiona kitu chenye taa haisikii tena maneno. Waliamua mashine na Nelius wapime pamoja msimu wote, kisha kamati ichague mmoja. Hakuna aliyemwita Nelius kumwambia. Alisikia kwa waliokuwa wakigeuza kahawa mezani.

Siku hiyo alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kuvua gambuti. Akaniuliza, "Nikitoka pale kwenye meza, mimi ni nani?" Nikamwambia yeye ni Mama Ednah. Alinitazama, akanyanyuka kwenda kupika. Halikuwa jibu, na nililijua lilipokuwa bado linanitoka.

Mwanzoni alimtii daktari, akawa anabana kahawa kwa upande wa kulia. Ikawa balaa. Upande huo haukuwa na mazoea yoyote. Alisema toeni kwenye meza moja, mashine ikasema kumi na nne, na magunia yakarudishwa chini mbele ya watu. Kesho yake akarudi kushoto, kwenye jino lililokufa. Nilikuwa namsaidia kumenya ndizi aliponiambia.

"Jino linasikia," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, jino limekufa.

"Basi maiti inasikia," akasema, na akaendelea kumenya.

Nikasema jambo hilo linahitaji uchunguzi. Wiki tatu zilizofuata yeye na mashine walikwenda sambamba. Mashine ikisema kumi na tatu, Nelius alikuwa ameshasema bado. Ikisema kumi na moja, magunia yalikuwa yameshafunguliwa. Watu wakaanza kuipigia mashine saluti pia, kwa mzaha. Nelius alicheka nao, lakini nyumbani alikuwa anakula mukimo tu, vile viazi vya kupondwa, upande mmoja, na alikuwa amekonda.

Halafu ikaja Jumanne moja. Kamati nzima ilikuwa imesimama kwenye meza, nami nilikuwepo, maana nilikuwa nabebesha miti ya jirani wa kiwanda na sikuweza kukaa mbali. Meza ya mwisho kule pembeni ilikuwa imesahauliwa juani siku nzima zaidi. Nelius akachukua punje, akaimenya, akafumba macho, akabana. Tukasikia ta. Wote tulisikia, hata Njeru aliyekuwa ameinama juu ya mashine yake. Nelius alibaki amefumba macho. Kisha, akiwa amefunga mdomo nusu, akasema, "Hii imepita. Imekauka sana." Ndipo akapeleka mkono mdomoni na kutoa upande mmoja wa jino lake.

Njeru akatazama mashine, ikawa tisa, maana yake imepita. Mwenyekiti wa kamati akasema wote wawili wamepata, ila mashine haijavunjika. Nilitaka kumjibu, lakini nilijua aliyelivunja jino hilo ni mimi.

Siku hiyo hiyo tulikwenda mjini. Daktari Makandi hakutuchekea. Alisema kama ufa umeshuka hadi kwenye mzizi, hana la kufanya ila kung'oa. Akapiga picha, tukangoja. Nelius alinishika mkono, na Nelius hanishiki mkono mbele ya watu. Daktari akarudi akatuonyesha ile picha kwa ncha ya kalamu. Ukuta mmoja wa jino ulikuwa umeanguka, juu ya ufizi kabisa. Mizizi ilikuwa mizima.

Alisema ni bahati tu. Kisha akauliza kwa nini hatukurudi.

Nelius alinigeukia. Nikasimama, nikamweleza daktari yote: kisiki, gamba, kijani, na ile sheria. Nilimweleza vizuri, maana bado niliamini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee, unapasua visiki kwa patasi?" akauliza. "Baba yangu ni seremala kule Nkubu, anazo nyingi."

Nikasema natumia.

"Mpini wake ni mti ulio hai ama uliokufa?"

Nikasema umekufa, bila shaka.

"Umewahi kungoja uchipuke?"

Nikasema sijawahi.

"Na ile pete ya chuma juu ya mpini ni ya nini?"

Nikasema ni ya kuuzuia usipasuke ukipigwa nyundo.

"Basi hiyo pete ndiyo kofia. Mimi nilikosea kusema kubebesha. Hii haioti, mzee. Inakaza tu."

Nimebishana na machifu, mapadri na maafisa wa kilimo, na sijawahi kushindwa kwa maneno machache namna hiyo. Patasi yangu ina mpini wa mgrevilea niliouchonga mwaka ambao Ednah alianza shule. Umepigwa nyundo kila siku na haujapasuka, na kila siku niliishika ile pete kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo ndilo kosa la pili. Nelius analihesabu kama matatu.

Kisha Nelius akazungumza. Aliongea polepole, kwa sababu ya ule upande uliovunjika.

"Daktari, nikivaa hiyo kofia, nitasikia?"

Daktari alidhani anauliza habari za masikio. Nelius akatikisa kichwa.

"Kahawa," akasema. "Nitaisikia kahawa? Wewe ulitoa mshipa na bado niliisikia. Lakini sasa unanifunika."

Ndipo nilipojua. Wiki zile zote, nilipokuwa nikikwangua visiki na kufundisha majirani, mke wangu alikuwa anaogopa kuwa kiziwi wa kahawa. Aliona afadhali jino bovu linalosikia kuliko zima lisilosikia, na akanitumia mimi na kisiki changu kama kisingizio, kwa sababu hofu yake angemwambia nani? Mimi nilikuwa naongea. Nilijisikia mdogo sana kwenye kiti kile.

Daktari alikaa kwenye kigoda chake. Alimwambia kwamba mshipa alioutoa ulikuwa wa kusikia baridi na moto na uchungu. Wa kusikia ugumu na ulaini hauko ndani ya jino, uko nje, pale jino linaposhikana na mfupa, na huko hakugusa. Kwa hiyo anaamini atasikia. Lakini hakutaka kumdanganya. Hajawahi kumtibu mtu anayefanya kazi hii, na kofia mpya huenda ikasema kwa sauti tofauti. Nelius akalia pale pale, machozi ya kimya, halafu akafungua mdomo ili kazi ianze.

Daktari alisimamisha kijiguzo ndani ya mzizi, akajengea juu yake, akachonga. Akamng'atisha Nelius unga laini uliokandwa ili kuchukua umbo, akamvika kofia ya muda. Ile yenyewe ingechukua wiki mbili kutengenezwa. Katika wiki hizo mbili, alisema, kahawa isiguse jino lolote mdomoni mwa mama, la kulia wala la kushoto, na aliposema hivyo alinitazama mimi.

Wiki hizo ndizo zilikuwa kilele cha msimu. Meza zote zilijaa. Siku ya kwanza Nelius alizunguka mikono nyuma kama mgeni. Siku ya pili alimenya punje, akatazama huku na huku, akaniita, akanipa.

"Bana," akasema. "Usitafune."

Nikabana. Akaniuliza inasema nini. Nikamwambia inasema ni kahawa. Akanipa nyingine kutoka meza ya pili. Hiyo nayo ilisema ni kahawa. Akaniuliza kama haisikiki kwamba inarudi nyuma kidogo kabla ya kukubali. Nikamwambia sisikii kitu kikirudi wala kukubali. Siku ya tatu nilikuwa nimebana punje arobaini, ulimi umekuwa kama ngozi ya mbuzi, na hakuna hata moja iliyoniambia jambo. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye magunia wakinitazama kama sarakasi.

Lakini nilipata kitu. Miaka ishirini na sita nilidhani mke wangu anauma kahawa. Nilidhani ni jambo ambalo yeyote mwenye meno angeliweza akiamka mapema. Nilikuwa najisifia visiki vyangu mezani, naye amekaa mbele yangu na elimu hiyo yote mdomoni akinipakulia chakula. Nilimwambia hivyo, tena mbele ya watu. Akasema nimechelewa, lakini aliona haya akatazama kando.

Njeru naye alikuwa anatutazama. Alasiri moja akaja nyumbani peke yake, akakaa, akanywa chai, akazunguka na habari za mvua. Mwishowe akamwambia Nelius kwamba mashine inampa namba lakini haimwambii kitu kingine. Kuna meza tatu zilitoa kumi na moja zote, na akizishika kwa mkono anaona hazifanani. Kamati inataka namba tu. Yeye ndiye atakayelaumiwa kahawa ya watu mia saba ikioza. Alisema usingizi umempungua. Nelius alimwongezea chai, akamwambia hawezi kumsaidia kabla daktari hajamruhusu.

Asubuhi ya kwenda kuvalishwa kofia, Njeru alitungoja kando ya barabara na kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na punje tatu za meza moja kubwa. Mashine inasema kumi na moja, akaeleza. Kamati imeagiza ipakiwe leo, lori linakuja kesho asubuhi. Yeye hana hakika. "Ukiruhusiwa, mama," akasema, na akaondoka haraka kabla mwanakamati hajapita.

Kofia ilikuwa nzuri. Ilikuwa na rangi ya jino, si ya dhahabu kama majirani walivyotabiri. Daktari aliijaribu, akamng'atisha karatasi ya buluu, akapunguza hapa na pale, akamng'atisha tena, kisha akaigandisha. Alimwambia leo asile kitu kigumu kuliko mukimo. Nelius akasukutua, akashukuru, akafungua mkoba wake.

"Mama, hapana," daktari akasema alipoona karatasi. "Leo hapana."

Nelius akamwambia, kwa adabu zote, kwamba lori linakuja kesho.

Walitazamana. Mwishowe daktari akasema tungoje saa moja gundi ishike, kisha abane kidogo tu, na mbele yake. Tulikaa kwenye benchi. Sikusema neno saa nzima, na Nelius anasema hilo nalo liandikwe.

Saa ilipotimia daktari alisimama mlangoni akiwa bado na glavu. Nelius akamenya punje ya kwanza, akaiweka, akafumba macho, akabana. Uso wake haukubadilika. Akaitoa, akachukua ya pili. Akakaa nayo muda mrefu zaidi. Hakuna kitu. Nilianza kuomba, na nilipoishiwa na maneno ya kuomba nilirudia jina lake tu moyoni. Akachukua ya tatu. Nikaona machozi yakitoka chini ya zile kope zilizofungwa, nikajua yamekwisha, nikawa natafuta nitamwambia nini njiani, mimi ninayejua kusema kila kitu.

"Nje imekauka," Nelius akasema polepole, bado amefumba macho. "Ndani ina maji. Zote tatu."

Akafumbua macho, akacheka, akajipangusa uso na kuchukua simu. Njeru alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Njeru, usitoe hiyo kahawa. Ndani bado. Ipe siku mbili."

Njeru hakukata simu. Nilijua anachokiona: mashine yenye kumi na moja, kamati iliyoagiza, magunia yaliyofunguliwa tayari. Nelius hakurudia maneno yake wala hakuyapamba. Alingoja tu, simu sikioni, mkono mwingine shavuni.

Kisha tukamsikia Njeru, mbali na simu, akiwapazia watu sauti kule kwenye meza.

"Wekeni magunia chini. Mama amesema bado."